Umeolewa? Lugha ya Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi: Mfano wa Frere Town, Mombasa

Makala hii inajadili suala ambalo kwa kawaida huachiwa wauguzi, ingawa kwa maoni yetu ni suala la lugha pia. Kwa nini mwanamke anayependa wanawake wenziwe hujiona hahusiki na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ilhali anahusika kama jirani yake aliyeolewa?

Mtaa tuliouchagua ni Frere Town, bara ya kaskazini ya Mombasa. Ulianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kengele iliyowatahadharisha wakazi dhidi ya wateka watumwa ndiyo iliyoliachia eneo jirani jina la Kengeleni. Leo Frere Town ni wadi ya Nyali. Kwamba wanawake wanaopendana wapo Mombasa si habari mpya. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd aliandika juu yao mwaka 1987.

Tuchukulie mmoja wao anaingia kliniki. Swali la kwanza ni "Umeolewa?" na la pili ni "Mumeo yuko wapi?" Akijibu kuwa hajaolewa wala hana mwanamume, mazungumzo huishia hapo. Muuguzi hudhani hakuna hatari, na mgonjwa mwenyewe hurudi nyumbani akiamini hivyo hivyo. Jina la ugonjwa lenyewe humsaidia kuamini, kwani asiyekusudia kuzaa ataona "kizazi" hakimhusu.

Imani hiyo ni kosa. Saratani hii husababishwa na virusi vya papiloma, HPV kwa kifupi, na aina za 16 na 18 pekee huleta takriban asilimia 70 ya visa vyote. Virusi hivi huambukizwa kwa ngozi kugusana sehemu za siri, na huweza pia kubebwa na vidole au vifaa vinavyotumiwa na wawili. Mwanamume si sharti. Utafiti ulioongozwa na Jeanne Marrazzo huko Seattle, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, uliviona virusi hivyo hata kwa baadhi ya wanawake waliosema hawajawahi kulala na mwanamume. Aidha, wako waliowahi kuolewa kabla, na wako wanaoishi kama wanaume ingawa wangali na mlango wa kizazi. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, hatari huwa takriban mara sita.

Nchini Kenya saratani hii huua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka, nayo huchukua miaka mingi kukomaa. Muda huo ndio faida ya kuchunguzwa mapema. Njia iliyoenea ni nyepesi mno: mlango wa kizazi hupakwa siki, na palipoanza kuharibika hugeuka peupe pakaonekana kwa macho. Mara nyingi sehemu hiyo huweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Vilevile kipo kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho mwanamke huweza kujichukulia sampuli kwa mkono wake. Kwa asiyependa kuvuliwa nguo mbele ya mtu asiyemwamini, jambo hili si dogo.

Hofu ya kusema ukweli ina sababu. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vilipingwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikakataa kuvifuta mwaka 2019. Lakini Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, bila kuuliza analala na nani.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa, na inashangaza kuwa watumishi wa afya hawakitumii ipasavyo. Kitenzi "kuolewa" kinamtaka mwanamume awepo, lakini kiambishi cha nafsi ya tatu "a-" hakibainishi jinsia. "Mwenzi wako" anaweza kuwa yeyote. Anayeulizwa "Mwenzi wako amewahi kupimwa?" hujibu "Bado hajapimwa", akawa amesema kweli bila kujianika. Lugha zinazotenga yeye-mume na yeye-mke hazina sitara hiyo. Neno "msagaji", kwa upande mwingine, halifai kliniki. Limetokana na "kusaga" na linapotamkwa huwa ni tusi. (Ajabu ni kwamba "shoga", linalowaudhi wengi, hapa Mombasa bado ni wito wa mapenzi baina ya marafiki wa kike.)

Tunapendekeza basi kwamba wanafunzi wa Kiswahili wanaoombwa kutafsiri mabango na fomu za afya waondoe swali la ndoa na badala yake waandike: "Je, umewahi kuwa na mwenzi wa kimapenzi, awe nani?" Na chini yake: "Ikiwa ndiyo, na umetimiza miaka 25, umechunguzwa lini mara ya mwisho?"