Namna ya Kujitolea Wodi ya Watoto Wenye Saratani

Saratani nyingi za utotoni zinatibika. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri watoto zaidi ya asilimia 80 hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Sababu mojawapo ni familia kuacha matibabu njiani, na hapo ndipo hata asiye daktari ana kazi ya kufanya. Tiba ya saratani ya damu inaweza kuchukua miaka 2 hadi 3. Mama aliyetoka Kigoma kuja Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ameacha shamba na watoto wengine nyumbani. Msaidie asichoke.

1. Anzia kwa wahusika. Onana na muuguzi kiongozi wa wodi au afisa ustawi wa jamii. Ukiwa Dar es Salaam, ulizia Tumaini la Maisha, shirika linalowahudumia watoto hawa Muhimbili. Ahidi unachoweza kutimiza. Saa mbili za kila Jumamosi zina faida zaidi kuliko kushinda wodini siku moja kisha ukapotea, kwa maana mtoto uliyemwambia utarudi atakusubiri.

2. Usiwapelekee maradhi. Tibakemia hupunguza chembe nyeupe za damu, hivyo mafua yako madogo yanaweza kumlaza mtoto mahututi. Ukiwa na homa, kikohozi au tumbo la kuharisha, baki nyumbani na utoe taarifa. Nawa kwa sabuni kabla ya kumgusa kila mtoto. Peleka vitu vya kuchezea vinavyooshwa kwa urahisi. Chakula, hata tunda, usimpe kabla ya kumuuliza muuguzi.

3. Mpe mtoto nafasi ya kuchagua. Sindano, dripu na dawa chungu hana hiari navyo. Kwa hiyo muulize: tuchore, nikusomee hadithi, au tukae tu? Akikataa, mkubalie bila kinyongo. Akikuuliza kama atapona, usimdanganye wala usimsemee daktari. Msikilize, muulize anachowaza, kisha umweleze mzazi wake na muuguzi.

4. Mpokee mzazi mzigo. Kaa na mtoto ili mama aoge, afue, alale kidogo au aongee na wa nyumbani. "Pole, mama. Leo nikusaidie nini?" inatosha. Usimsimulie habari za mgonjwa mwingine aliyefariki, wala usimshauri aache dawa akajaribu mitishamba. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walijua jinsi tulivyo wepesi wa kushauri.

5. Tunza siri. Usipige picha za watoto na kuzirusha mitandaoni. Ugonjwa wa mtoto ni habari ya familia yake.

6. Jiandae kwa msiba. Baadhi ya watoto watafariki. Wape wazazi pole, lia ukilia, zungumza na msimamizi wako, kisha urudi. Waliobaki wodini bado wanakuhitaji.

Kama wodi huiwezi, changia damu: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Au ilipie familia moja nauli ya kurudi kliniki. Chagua jambo moja unaloliweza, lianze wiki hii, na usiliache mpaka mtoto amalize dozi.