Kusawazisha Kinasa Sauti cha Njia Nyingi

Tangu miaka ya 1960 studio za muziki zilitumia mashine zenye uwezo wa kunasa sauti kadhaa juu ya ukanda mmoja wa sumaku, kila sauti katika njia yake. Katika mashine ya njia 24, ukanda wenye upana wa milimita 50 hivi hubeba ngoma, magitaa na waimbaji pasipo kuchanganyika. Kazi hiyo siku hizi hufanywa zaidi kwa kompyuta. Hata hivyo, kanda za zamani haziwezi kuhamishiwa huko bila kusomwa kwanza na mashine iliyosawazishwa vyema. Kanuni zake huzihusu pia kanda nyembamba za redio, kama zile za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam.

Ukanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma. Hupita mbele ya vichwa vitatu: cha kufutia, cha kunasia na cha kusomea. Mwanafunzi atakumbuka kwamba urefu wa wimbi ni mwendo ukigawanywa kwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Ukanda ukienda sentimita 38 kwa sekunde, sauti ya mitikisiko 10,000 huacha juu yake wimbi lenye urefu wa milimita 0.038 tu. Udogo huo ndio chanzo cha matatizo yote yanayofuata.

Kwanza ni usafi. Uchafu wa unene wa milimita 0.004 ukiutenga ukanda na kichwa, nguvu ya sauti hiyo nyembamba hupungua kwa karibu nusu, ilhali sauti nene hazidhuriki sana. Vichwa hupanguswa kwa pamba na spiriti safi. Kisha huondolewa usumaku uliosalia ndani yake, kwa maana kichwa chenye usumaku huongeza mvumo na hufuta sauti nyembamba kidogo kidogo. Wakati wa kazi hii mashine huzimwa, na kanda zote huwekwa mbali.

Pili ni kusoma. Hutumika ukanda wa kipimo, ulionaswa kiwandani kwa viwango vinavyojulikana. Fundi huhakikisha kwamba pengo la kichwa limesimama wima kabisa juu ya mwendo wa ukanda. Njia ya kwanza na ya 24 zimeachana kwa milimita 48 hivi. Kwa hiyo kichwa kikiinama kwa nyuzi 0.023 tu, wimbi la njia moja huchelewa nusu nzima nyuma ya lile la njia nyingine. Zikichanganywa, sauti hiyo hujifuta yenyewe. Skrubu ya kichwa huzungushwa polepole hadi osiloskopu ionyeshe mawimbi yakienda pamoja. Ndipo nguvu ya kila njia hurekebishwa, kwanza kwa mitikisiko 1,000, kisha kwa 10,000.

Tatu ni kunasa. Pamoja na sauti, kichwa cha kunasia hupewa mkondo wa mitikisiko mingi mno isiyosikika, ili usumaku wa ukanda ufuate umbo la sauti kwa uaminifu. Mkondo huo huongezwa hadi sauti ya 10,000 ifikie kilele, kisha huongezwa tena mpaka sauti hiyo ishuke kwa desibeli zilizotajwa na mtengenezaji wa ukanda. Baada ya hapo hurekebishwa nguvu ya kunasa.

Utaratibu huu haugeuzwi. Sehemu ya kusomea ndiyo rula inayoipima sehemu ya kunasia. Rula ikiwa na kosa, kosa hilo hunaswa ndani ya kazi yote na halitambulikani mpaka ukanda usomwe na mashine nyingine. Ukanda wa kale ulionaswa na kichwa kilichoinama hufuatwa kwa kuinamisha kichwa cha kusomea vivyo hivyo. Kazi ikiisha, kichwa hurudishwa mahali pake kwa ukanda wa kipimo.

Maswali
1. Tafuta urefu wa wimbi la mitikisiko 10,000 ukanda ukienda sentimita 76 kwa sekunde.
2. Kwa nini mashine iendayo polepole huhitaji usafi zaidi?
3. Taja chombo cha maabara ambacho lazima kisahihishwe kabla ya kupimia, na ueleze sababu.