Kwenda Kutazama Mambo ya Kale Unguja Mjini

Mwalimu atakaye kuwapeleka wanafunzi wake Unguja Mjini na aanzie Mkunazini asubuhi, jua halijawa kali. Hapo palikuwa soko la watumwa, nalo Seyyid Barghash alilifunga mwaka 1873. Kanisa Kuu limejengwa mahali pale pale. Twaomba watoto wasipitishwe mbio: wasimame, waulize. Kisha washuke Forodhani, waitazame Ngome Kongwe.

Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Seyyid huyo mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, wakafa watu wawili. Basi mtu na aulize habari zake kabla ya kufunga safari, maana mtoto aliyeahidiwa jumba akakuta uzio hasahau. Maruhubi, palipoungua mwaka 1899, pangoje siku ya pili.