Tairi zisizo na tyubu: nijaze upepo kiasi gani?

Swali: Nina kilo 70 na huendesha baiskeli ya mbio kutoka Kiserian kuelekea Magadi. Miiba imenichosha. Je, tairi zisizo na tyubu zitanifaa, na nijaze upepo kiasi gani?

Jibu: Zitakufaa sana. Ndani yake hutiwa maji ya kuziba pancha; mwiba ukitoboa, maji hukimbilia kwenye tundu, yakaganda na kuliziba huku unaendelea kukanyaga. Chagua upana wa milimita 28 au 30, mradi fremu ina nafasi ya kutosha.

Usijaze hadi tairi iwe ngumu kama jiwe. Kwenye lami yenye kokoto, tairi ngumu kupita kiasi hurukaruka, nawe unapoteza kasi na kuchoka mapema. Kwa uzito wako na tairi ya 28, anza na psi 60 mbele na 64 nyuma, kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba mzigo mkubwa zaidi. Ukihisi rimu inagonga shimoni, ongeza psi 3. Mikono ikifa ganzi, punguza kidogo.

Kagua rimu kwanza. Ikiwa kingo zake za ndani hazina ndoano za kushika tairi, usizidishe psi 72, na tumia tairi iliyoidhinishwa kwa rimu hiyo tu. Hilo ni suala la uhai.

Joto la Magadi hukausha maji hayo upesi, hivyo yakague kila mwezi. Tembea na tyubu ya akiba: tundu kubwa halizibiki.