Kujibu Ugaidi Pasipo Kulipiza Kisasi

Wasomaji wa Eldoret wanakijua Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Kesses, si mbali na mji. Mwaka 2015 chuo cha Garissa kilikuwa chini yake. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili mwaka huo, watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab walikivamia chuo hicho, wakawatenga Wakristo na Waislamu, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Baadaye wanafunzi waliosalimika walihamishiwa Moi waendelee na masomo.

Yafaa tulitazame sana neno hilo, kutenga. Magaidi ni wachache, hawawezi kuishinda nchi nzima. Hutaka wananchi wenyewe wawamalizie kazi: Mkristo amchukie Msomali mwenye duka, naye Msomali amwogope jirani yake.

Watu wa Uasin Gishu wamekwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilitiwa moto hali limejaa watu waliokimbilia humo. Kabla mwezi haujaisha, watu wengine walichomwa ndani ya nyumba huko Naivasha, nao hawakuwa na hatia yoyote ya Kiambaa. Kisasi hakimtafuti mwenye kosa. Humwangukia yeyote aliye karibu.

Je, tunyamaze? La, hasha. Tarehe 7 Aprili 2015 mamia ya wanafunzi waliandamana Nairobi wakidai ulinzi. Hawakumwendea Msomali. Madai yao yaliielekea Serikali, ambayo kikosi chake maalumu kilichelewa kwa saa nyingi kufika Garissa. Hayo yalikuwa madai ya haki, tena yalipelekwa mahali pake.

Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa wakuu, kwa amani na bila silaha. Sheria yataka polisi wapewe taarifa si chini ya siku 3 kabla, wala si zaidi ya siku 14. Pengine msomaji atasema kwamba polisi huwapiga hata waliotii sheria. Ni kweli, imetokea, nayo ni aibu. Lakini jiwe moja likirushwa, aibu hiyo hupata kisingizio.

Iko pia namna ya kupinga isiyohitaji taarifa wala bango. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, magaidi walilisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo vitambaa wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa mmoja wa waliokataa. Alipigwa risasi, akafa hospitalini Januari 2016. Wengi wa abiria waliokuwa pamoja naye walisalimika.