Kabla Mkasi Haujagusa Kitambaa

Disemba ikikaribia, mafundi wa Busia na Malaba hukesha kwenye cherehani. Kuna harusi, kuna kupeleka mahari, kuna mahafali, kuna kumbukumbu za wazee waliotangulia, na kila shughuli inadai nguo yake. Nguo nyingi zinazomwaibisha mwenyewe siku ya shughuli hazikuharibiwa na fundi. Ziliharibika dukani, mteja alipokubali kitambaa kwa sababu kinang'aa, akalipa, akakimbilia kwa fundi siku nne kabla ya harusi. Kitambaa kikishakatwa hakirudishwi, kwa hiyo uangalifu wote uwe mbele ya meza ya mwuzaji.

Anza na siku yenyewe. Shughuli zetu nyingi hufanyika chini ya hema, saa sita mchana, joto likiwa limepamba na unyevu wa ziwa hauko mbali. Satini ya poliesta inapendeza kwenye picha, lakini haipitishi hewa wala hainywi jasho, na kufikia wakati wa hotuba kwapa zimeshachora ramani. Ukiipenda satini, mwambie fundi atie bitana ya pamba nyepesi, au walau aweke pamba kifuani na kwapani. Bitana ya poliesta juu ya poliesta ni adhabu. Na kama shughuli ni ya jioni au ya msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei, kitambaa kizito kidogo kitakufaa kuliko shifoni inayogandamana na mwili ikilowa.

Gomesi inastahili maelezo marefu kidogo, maana hata upande huu wa Kenya wa mpaka imekuwa vazi letu pia. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili, na mama mkwe anayekwenda kupokea wageni bila gomesi huulizwa maswali. Kuhusu asili yake, simulizi inayojulikana zaidi humtaja fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, aliyewashonea wasichana wa shule ya Gayaza, Uganda, shule iliyofunguliwa mwaka 1905. Mshono wenyewe unafahamika: shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yaliyoinuka, na mshipi mpana unaofungwa juu ya nyonga, huku kikoi kikivaliwa ndani ili vazi likae vizuri. Kwa sababu ya marinda yake na mshipi ule, inakula kitambaa kingi, na mama mwenye mwili anaweza kuhitaji mita 6.

Hapo kwenye vipimo ndipo watu huumia. Wauzaji wengine hupima kwa yadi, na fundi anahesabu kwa mita. Yadi moja ni sentimita 91.44, kwa hiyo yadi 6 ni kama mita 5.49 tu. Umepungukiwa nusu mita, na nusu mita hiyo ndiyo mshipi wako. Ukirudi wiki ijayo kutafuta kipande cha kujazia, jora limekwisha, au limekuja jingine lenye rangi iliyotofautiana kidogo. Uliza pia upana. Kitenge huwa na inchi 45 hivi, ilhali satini nyingi zina inchi 58 au 60. Hesabu ya fundi inabadilika kabisa kulingana na upana. Njia salama ni kumwona fundi kwanza, akupime, akuandikie kwenye karatasi mita ngapi za upana gani, kisha uende dukani na karatasi hiyo.

Kuhusu aina ya kitambaa, usitegemee maneno. Mwuzaji anaweza kukuambia, "Mama, hii ni hariri tupu," naye mwenyewe akaamini, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa alikonunua kwa jumla. Mwombe kwa adabu: "Baba, nikatie nyuzi mbili pembeni." Toka nje ya duka, mbali na vitambaa vingine, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka haraka, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Hariri na sufu huwaka kwa kusitasita, hunuka nywele zilizoungua, na mabaki yake husagika ukiyabana kwa vidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu cheusi kisichopasuka. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa dalili za pande mbili, majivu na kidonge kwa pamoja. Poliesta si dhambi, ni rahisi kufua na haikunjamani ovyo, ila usiilipie bei ya hariri.

Mtihani wa pili ni wa rangi. Lowesha kona ya leso nyeupe, sugua kitambaa kwa nguvu. Rangi ikihamia kwenye leso, itahamia pia kwenye bitana, kwenye kwapa, na kwenye shati la mwenzio mtakapokumbatiana. Jihadhari zaidi na nyekundu, samawati iliyokolea na nyeusi. Watu hushauriana kuloweka kitambaa kwenye maji ya chumvi au siki ili rangi ishike. Rangi za kiwandani za siku hizi hazishikizwi hivyo; kama inatoka, inatoka. Afadhali uache. Kisha kikunje kitambaa ndani ya ngumi, uhesabu taratibu hadi kumi, ukiachie. Mikunjo inayobaki ndiyo utakayokuwa nayo ukishuka kwenye matatu kutoka Nambale au Amukura.

Kitenge kina mitego yake. Kile cha nta halisi, kama cha Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, kina rangi ileile mbele na nyuma, na ndani yake kuna vimistari vya nta iliyopasuka ambavyo havijirudii sawasawa. Vya bei nafuu vingi vimechapwa upande mmoja, na nyuma vimefifia. Maandishi ya ukingoni yanaigwa kwa urahisi, hivyo geuza kitambaa uangalie chenyewe. Kama wanakamati mmekubaliana sare ya harusi, nunueni siku moja na kutoka jora moja. Picha ileile ya kiwanda kilekile hutofautiana rangi kutoka mzigo mmoja hadi mwingine, na tofauti hiyo itaonekana wazi mtakaposimama mstari mmoja mbele ya kamera.

Kwa wanaume, kanzu nyeupe na koti juu yake imezoeleka pande zote za mpaka. Iinue kwenye mwanga kabla ya kulipa: ukiona mkono wako waziwazi kupitia kitambaa, na suruali itaonekana vilevile. Kagua tarizi ya shingoni na kifuani, maana uzi mwekundu wenye rangi dhaifu hugeuza kanzu yote kuwa ya waridi siku ya kwanza kufuliwa. Kuhusu suti, mtumba wa sufu nyepesi uliochaguliwa vizuri mara nyingi ni bora kuliko suti mpya ya poliesta ya bei ileile. Uchunguze kwenye mwanga kama una matundu ya nondo, na uangalie kama koti limefanya mapovu kifuani. Hayo ni kitambaa kigumu cha ndani kilichobanduka, na kukirekebisha ni kazi ngumu.

Ukinunua ng'ambo, upande wa Uganda, dai risiti. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa hupita bila ushuru wa forodha, kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa hapo mpakani. Kitambaa kilichotoka China au India hakiingii humo hata kama umekinunua Kampala. Wanaobeba mizigo ya kuuza waulize mapema kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kabla ya kununua.

Kitambaa kimefika nyumbani. Kama ni pamba, kiloweke kwenye maji baridi usiku kucha, ukianike kivulini, ukipige pasi, ndipo ukipeleke kwa fundi. Pamba hurudi inapofuliwa, na bora irudi sasa kuliko ikiwa tayari ni gauni. Bitana ya pamba nayo iloweke, la sivyo itarudi peke yake na kuvuta pindo juu. Satini, lesi na vitambaa vyenye puleki au shanga havihitaji hayo.

Adui mkubwa wa nguo nyeupe kwetu ni udongo mwekundu. Kanzu inafika kwenye vifundo vya miguu, mvua imenyesha, na pindo limepakwa. Usilisugue likiwa bichi. Liache likauke, ulipige kwa brashi kavu hadi vumbi litoke, kisha ufue kwa sabuni na maji baridi, ukirudia ikibidi. Wengi hukimbilia jiki. Wekundu wa udongo huo unatokana na kutu ya chuma, na jiki huifanya kutu ishike zaidi na kubaki rangi ya njano. Maji ya ndimu husaidia kwenye pamba nyeupe. Jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo na usuuze vizuri.

Mafuta ya nyama na mchuzi yanyunyizie unga wa mahindi au poda mara moja, yanyonywe kabla ya kufua. Jasho lisikae. Gomesi ya satini ifue kwa mkono, bila kukamua, uining'inize ndani nje kivulini. Jua la mchana hula rangi. Pasi iwe ya moto wa wastani, upande wa ndani, na juu yake kitambaa cha pamba. Anayetumia pasi ya makaa aijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, maana poliesta huyeyuka ghafla na haina dawa. Vipande hivyo mwombe fundi, ni mali yako.

Usihifadhi nguo ya heshima ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu hubaki humo na ukungu hufuata, hasa miezi ya mvua. Ifunge kwa shuka kuukuu la pamba. Jaza karatasi nyeupe kwenye mabega ya gomesi ili yasilale. Gazeti huacha wino. Nguo zenye shanga zilaze, zisining'inizwe, kwani uzito huvuta kitambaa na kukirefusha upande mmoja. Sufu itiliwe dawa ya nondo isiyogusana na kitambaa. Kila baada ya miezi miwili hivi, siku kavu, itoe nguo nje ipigwe na hewa, na ukiikunja tena badilisha mistari ya mikunjo, kwa sababu satini huanza kukatika palepale inapokunjwa kila mara.