Usipuuze koo la mtoto: moyo wake uko hatarini

Ugonjwa wa moyo unapotajwa, wengi wetu humfikiria mtu mzima mwenye kitambi, shinikizo la damu na mazoea ya kula vyakula vyenye mafuta mengi. Lakini upo ugonjwa mwingine wa moyo ambao huwashika watoto wa shule na kuwaua wengi wakiwa bado vijana. Hausababishwi na mafuta wala sigara. Huanzia kooni.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 55 wana ugonjwa huu, nao huua takriban watu 360,000 kila mwaka, hususan katika nchi maskini na zenye kipato cha wastani. Jambo la kusikitisha ni kwamba unaweza kuzuiwa kwa dawa ya zamani na ya bei nafuu, penisilini.

Huanzaje?

Koo la mtoto linaposhambuliwa na viini viitwavyo streptokoka, mwili hutengeneza askari wa kupambana navyo. Kwa watoto wachache, askari hao hukosea shabaha na kuanza kuushambulia mwili wenyewe, kwa kuwa sehemu fulani za viini hivyo zinafanana na chembechembe zetu. Wiki mbili au tatu hivi baada ya koo kupona, mtoto hupatwa na homa ya baridi yabisi. Watoto wa kati ya miaka 5 na 15 ndio walio katika hatari zaidi.

Mtoto huwa na homa na maumivu ya viungo yanayohama: leo goti, kesho kifundo cha mguu, kesho kutwa kiwiko. Wengine hurusharusha mikono au kukunja uso bila kutaka, hata mwalimu akadhani ni utundu. Maumivu ya viungo huisha bila kuacha alama. Madhara ya kudumu hubaki moyoni.

Moyo una vali nne. Vali ni kama mlango unaoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Kila homa hiyo inaporudi, vali hupata makovu mapya. Hatimaye baadhi hushindwa kufunguka vizuri na nyingine hushindwa kufunga, damu ikarudi ilikotoka. Moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada hadi unachoka. Ndipo mgonjwa anaposhindwa kupanda ngazi bila kuhema, au kuvimba miguu. Wanawake wengi hugundua kwamba ni wagonjwa wanapopata mimba, kwani wakati huo damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu na moyo mbovu hulemewa.

Matokeo ya utafiti Uganda

Kwa muda mrefu, madaktari walijua kwamba sindano ya penisilini ya kila mwezi huwakinga wale ambao tayari wameugua homa ya baridi yabisi. Swali lilikuwa hili: je, inamsaidia mtoto ambaye moyo wake umeanza kudhurika lakini hana dalili yoyote?

Jibu lilitoka kwa jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda. Watafiti waliwapima watoto na vijana zaidi ya 100,000 wa umri wa miaka 5 hadi 17 kwa mashine inayotumia mawimbi ya sauti kuonyesha moyo. Kati ya waliogunduliwa kuwa na madhara ya mapema, 818 waliingizwa katika utafiti na kugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilidungwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Jingine halikudungwa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika kundi lililodungwa, hali ilizidi kuwa mbaya kwa watoto 3 tu. Katika kundi la pili, ilizidi kwa watoto 33. Maana yake ni kwamba ugonjwa ukigunduliwa mapema, mtoto anaweza kuokolewa kabla ya kufikia hatua ya kuhitaji upasuaji.

Kwa wagonjwa watu wazima

Vali ikiharibika sana, moyo huweza kupiga bila mpangilio na damu kuganda ndani yake. Bonge la damu likifika kwenye ubongo, mgonjwa hupata kiharusi. Kwa miaka mingi dawa ya kuzuia hali hiyo imekuwa warfarini, ambayo ina usumbufu kwa sababu mgonjwa hana budi kupimwa damu mara kwa mara. Wengi walitarajia kwamba dawa mpya, rivaroksabani, isiyohitaji vipimo hivyo, ingekuwa bora.

Utafiti uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini ulionyesha kinyume. Matokeo ya mwaka 2022 yalibainisha kwamba wagonjwa hao waliotumia dawa za zamani walipata viharusi vichache na walikufa wachache kuliko waliotumia ile mpya. Kwa hivyo, usibadilishe dawa kwa sababu jirani yako amebadilisha. Ugonjwa wake wa moyo huenda si kama wako.

Onyo jingine lilitolewa mwaka huo huo na American Heart Association. Wagonjwa ambao vali zao zimeharibika vibaya wanaweza kuzidiwa ghafla baada ya kudungwa sindano ya penisilini, si lazima kwa sababu ya mzio, bali kwa sababu moyo wao ni dhaifu mno. Hao huenda wakafaa zaidi kupewa tembe. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa mgonjwa.

Ufanye nini?

Koo kuuma pamoja na kikohozi na mafua aghalabu huletwa na virusi, na penisilini haitasaidia. Lakini mtoto akiwa na homa, maumivu makali anapomeza na tezi zilizovimba shingoni, bila kukohoa, mpeleke kwenye zahanati au hospitali. Usingoje apone mwenyewe. Matibabu yakianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado yanaweza kuzuia homa ya baridi yabisi.

Akipewa tembe, azimalize zote, hata kama maumivu yameisha siku ya pili. Na ikiwa mtoto wako ameandikiwa sindano za kila mwezi, usiruke hata moja kwa sababu anaonekana mzima. Huenda akazihitaji kwa miaka mingi. Ziandike kwenye kalenda ya nyumbani, umjulishe mwalimu, na mkihamia mtaa mwingine, beba kadi yake ya kliniki.